Adui Wawili wa Ini

Mji wa Eldoret umekaa juu ya uwanda wa Uasin Gishu, mahali ambapo mahindi ni chakula, ni karo ya shule, tena ni heshima ya mkulima. Mvua ikikawia kukoma wakati wa mavuno, mahindi huingia ghalani yakiwa na unyevu, nayo kuvu huota. Kuvu yenyewe huonekana kwa macho, lakini sumu yake haionekani. Historia ya kujulikana kwake yafaa isomwe na kila mwanafunzi.

Katika mwaka wa 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza. Ilibainika kwamba walilishwa mashudu ya njugu yenye kuvu, na sumu ile ikaitwa aflatoksini, yaani sumukuvu. Wataalamu wakauliza: je, ini la binadamu litasalimika? Jibu moja lilitoka Kenya. Mwaka 1973, F. G. Peers na C. A. Linsell walitangaza uchunguzi wao wa Murang'a. Walikuwa wamepima vyakula vya watu wa sehemu za juu, za kati na za chini. Kule chini, kwenye joto zaidi, sumukuvu ilizidi, na saratani ya ini ilizidi pia.

Adui wa pili naye alikuwa amekwisha kuonekana. Katika miaka ya 1960, Baruch Blumberg wa Marekani aligundua katika damu dalili ya virusi vya homa ya ini aina ya B. Mwaka 1981, uchunguzi wa wanaume 22,707 huko Taiwan ulionyesha kwamba wenye virusi hivyo walipata saratani ya ini zaidi ya mara 200 kuliko wasio navyo.

Adui hawa hutendaje kazi? Mwili hupigana na virusi miaka mingi. Chembe za ini hufa, nyingine huzaliwa badala yake, na tishu iliyokuwa laini hujaa makovu na vinundu. Chembe zigawanyikapo mno, makosa ya kunakili urithi huongezeka. Sumukuvu nayo huiharibu jeni iitwayo TP53, mlinzi azuiaye chembe mbovu zisizaliane. Mwaka 1991, makundi mawili ya wataalamu yalikuta kosa moja katika uvimbe wa wagonjwa wa kusini mwa Afrika na wa Qidong, Uchina: mahali pa 249, herufi G imegeuka T. Huko Qidong lilipatikana kwa wagonjwa 7 kati ya 16. Mwizi amekwisha kwenda, lakini nyayo zake zimebaki.

Tena sumukuvu haingojei saratani. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na wilaya jirani, mahindi yenye sumu yaliwauguza watu 317, na 125 kati yao wakafa.

Tangu mwaka 2001, watoto wachanga wa Kenya wamechanjwa dhidi ya virusi vile. Lakini sumukuvu haina chanjo. Dawa yake ni jua, turubai, na subira ya kukausha mahindi mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5. Wala asiyetaka kuyala mahindi yaliyoharibika asimpe ng'ombe, maana sumu hupita katika maziwa na kurudi mezani kwa watoto. Wala asimwuzie mwenye njaa, kwa kuwa ini la maskini halina ngao kuliko ini lake.