Nani Alikuchagulia Giaboksi?

Ukimuuliza mtu wa Ukunda kwa nini gari lake ni otomatiki, atakupa sababu bila kufikiria: foleni ya Likoni, mguu wa kushoto upumzike, na kila mtu nyumbani aweze kuliendesha. Sababu nzuri, sibishi. Ila ukirudi nyuma kidogo utagundua kwamba yeye hakuchagua. Alichaguliwa na Mjapani fulani asiyemjua, aliyeingia dukani miaka saba, minane kabla yake.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Feri ya Likoni ilianza kazi mwaka 1937, na kwa miaka mingi pale ndipo madereva wa Kwale walipofanyia mtihani wao wa kweli wa klachi. Gari likishuka kutoka kwenye feri lazima lipande. Maji yakijaa, mpando ni mfupi. Maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, mpando unakuwa mrefu na mkali, mbele yako lori limesimama na nyuma yako kuna mkokoteni. Sasa toka hapo na gari la gia: mguu mmoja kwenye klachi, mkono kwenye hendibreki, sikio kwenye injini. Unaachia klachi polepole mpaka uhisi pua ya gari inanyanyuka, ndipo hendibreki ishuke. Ukiwahi, gari linazima na honi zinaanza. Ukichelewa kwenye nusu klachi, harufu ya pleti inayoungua inawafikia hata wanaotembea kwa miguu.

Magari ya wakati huo yalikuwa Peugeot 404 yenye gia kwenye usukani, kisha 504, Land Rover, malori ya Bedford. Si kwamba otomatiki haikuwepo duniani. General Motors ya Marekani iliiweka Hydra-Matic kwenye Oldsmobile za mwaka 1940. Lakini magari yetu yalitoka Ulaya, na Ulaya walipenda gia ya mkono kwa sababu ilikuwa rahisi kutengeneza na haikula petroli sana. Fundi chini ya mwembe aliweza kuifungua, akaona kwa macho jino lililovunjika au pleti iliyokwisha. Betri ikifa, vijana watano wanasukuma, unatia gia ya pili, unaachia klachi, gari linaamka. Otomatiki husukumi, bana. Utasukuma mpaka Msambweni.

Mageuzi yalitokea mwanzoni mwa miaka ya 1990, na yalitokea sehemu mbili kwa wakati mmoja. Kenya ililegeza masharti ya biashara na fedha za kigeni, magari ya mitumba yakaanza kumiminika. Huku Japan, mwaka 1991, serikali ilianzisha leseni ya watu wanaoendesha otomatiki peke yake, kwa sababu tayari wanunuzi wengi wa kule walikuwa wameacha klachi. Wao wanaendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, usukani uko kulia. Hatukuhitaji kubadilisha chochote. Baadaye Kenya ikaweka kanuni kwamba gari lisizidi miaka 8, na hapo ndipo uchaguzi wetu ulipofungwa kabisa: tunanunua kile Wajapani walichopenda miaka minane iliyopita.

Kuna siku unakaa Likoni feri ikisubiri meli ipite kwenda Kilindini. Ile meli ndefu kama ghorofa, haina madirisha, ndiyo hubeba magari. Pengine lako limo humo.

Shida ni kwamba gari lilikuja lakini maarifa yake hayakuja nalo. Fungua kisanduku cha dashibodi, utakuta kitabu cha maelekezo. Ni cha Kijapani. Mtu anakitupa, au anawaachia watoto wachore. Na otomatiki, tofauti na giaboksi ya 504, inaishi kwa oili. Oili ndiyo inayopeleka nguvu ya injini kwenye gia, ndiyo inayobana klachi ndogo za ndani, ndiyo inayopooza joto. Ikichakaa, kila kitu kinachakaa. Kwenye Toyota nyingi za zamani dipstiki yenyewe imechapwa aina ya oili, kwa mfano T-IV. Vuta, futa, soma. Oili nzuri ni nyekundu. Ikiwa nyeusi na inanuka kama ugali ulioungua, usingoje gari lianze kugonga.

Halafu ikaja CVT, ambayo haina gia za kuhesabu kabisa. Ni mkanda kati ya puli mbili zinazopanuka na kubana. Wazo hilo Waholanzi wa DAF walilionyesha mwaka 1958 kwa mkanda wa mpira; Wajapani wakalichukua na mkanda wa chuma, na leo limo kwenye Vitz, Passo, Note, hata Probox za kuanzia 2014. CVT ina oili yake peke yake. Ukiitilia ATF ya kawaida kwa sababu dukani wamekuambia zote ni moja, unaiua, na fundi wa kuifufua si rahisi kumpata huku kwetu. Utatafutiwa giaboksi nyingine ya mtumba Mombasa, nayo hujui aliyeitumia aliitunzaje.

Hapa ndipo panaponiuma. Mtu amechukua mkopo wa chama, amenunua Probox ya kubeba abiria na mizigo Kwale hadi Kinango. Muuzaji alimwambia oili ya giaboksi ni ya maisha. Maisha ya nani? Kutoka Kombani kupanda Kwale mjini barabara inakwea Shimba Hills, gari limejaa, giaboksi inachemka. Kurudi chini anaweka nyutro aokoe petroli, breki peke yake zinabeba uzito wote, wakati angeweka 2 au L injini ingemsaidia kushika. Siku likikwama, linafungwa kamba na kuburutwa magurudumu yakizunguka chini, injini imezimwa. Pampu ya oili ya otomatiki inaendeshwa na injini. Kwa hiyo kila kilomita ya kuburutwa, vyuma vinasagana vikavu. Mkopo unabaki, gari limekufa.

Mimi kwa safari za Diani na Ukunda, tambarare tupu, naona otomatiki ni sawa, bora ile ya gia nne kuliko CVT iliyochoka, na oili ibadilishwe kila kilomita 40,000 hivi, usiamini mita ya gari la mtumba. Kwa mizigo ya Kinango, ningetafuta gari la klachi.

Kuna jambo la P pia. Tarehe 29 Septemba 2019 gari dogo lilirudi nyuma kutoka feri ya MV Harambee likatumbukia na mama na binti yake wa miaka 4. Wazamiaji walichukua karibu wiki mbili kuwatoa. Sitaki kuingia kwenye ubishi wa chanzo, waliokufa wanastahili staha. Nasema tu kwamba wengi wetu tunadhani P ni breki. Ni kijino kidogo cha chuma kinachozuia shafti isizunguke. Kwenye mteremko, hendibreki kwanza, kisha P, uzito wa gari usining'inie kwenye kijino hicho.

Siku hizi anayetoka bara anaweza kupita Dongo Kundu, daraja la Mteza, bila kugusa feri. Ule mtihani wa mpando unasahaulika. Lakini klachi haijafa. Wapo wenye matatu wanaonunua Hiace otomatiki, wanang'oa giaboksi nzima na kuweka ya mkono, pamoja na pedali ya tatu na shafti yake, kwa sababu wanaijua na fundi wao anaijua. Na kijana wa Ukunda ambaye hajawahi kugusa gari la klachi, kesho akipewa tuktuk apeleke wageni Diani, atakuta klachi iko kwenye mkono wa kushoto, gia zinapindwa hapo hapo, nne za mbele, na kifimbo cha rivasi pembeni.