Milango na Akiba: Habari za Matundu ya Kompyuta

Kabla ya mwaka 1996, kuongeza chombo katika kompyuta ya mezani kulikuwa kazi ya kuogofya. Kipanya kilikuwa na tundu lake, kibodi lake, na kichapishi lake. Wala tundu moja halikukubali waya wa mwenzake. Aliyetaka chombo cha ziada aghalabu alilazimika kufungua sanduku, kupachika kadi katika ubao mkuu, na kuichagulia njia ya kuuamsha ubongo wa mashine. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na njia nane tu za namna hiyo, na baadhi yake zilikwisha kushikwa. Kadi mbili zilipogombea njia moja, yamkini zote zilinyamaza.

Ili kuondoa adha hiyo, makampuni saba, yaani Compaq, DEC, IBM, Intel, Microsoft, NEC na Nortel, yalishirikiana, na Januari 1996 kanuni ya USB ikatolewa. Ahadi yake ilikuwa kubwa: tundu la namna moja kwa vyombo vyote, habari na umeme katika waya mmoja, na vyombo hata 127 chini ya kidhibiti kimoja. Mwaka 1998 Apple iliuza iMac bila ya matundu ya kale, na watengenezaji wa vyombo wakahimizika kufuata.

Lakini mafanikio yalizaa uhaba. Kompyuta nyingi za miaka ile zilikuwa na matundu mawili tu, na vyombo vilizidi kuja. Watu wakashika njia mbili. Wengine walinunua kigawanyi, kisanduku kinachofanya tundu moja kuwa manne. Wengine walipachika kadi mpya ndani. Na hivyo kanuni iliyozaliwa ili mtu asifungue sanduku ikamrudisha kulifungua.

Njia hizo hazilingani. Kwa kanuni ya USB ya mwaka 2000, tundu hutoa umeme wa miliampea 500. Kigawanyi kisichokuwa na umeme wake hujiwekea 100, na kila tundu kati ya manne hupata 100. Kipanya hushiba, diski yenye kuzunguka hufa njaa, na ikizimika katikati ya kuandika, kazi ya mwaka mzima ya mwanachuoni yaweza kuharibika. Kigawanyi chenye umeme wake huponya njaa hiyo, lakini hakipanui njia: biti milioni 480 kwa sekunde hubaki za kugawana. Kadi huleta kidhibiti chake, na kwa hiyo njia mpya, ingawa nayo hula umeme wa kompyuta ile ile.

Wageni wakiongezewa sahani, chungu hakiongezeki. Ahadi ya vyombo 127 ilikuwa kweli katika hesabu ya majina. Haikuwa ahadi ya shibe. Mwenye kuhesabu matundu hajajua bado uwezo wa mashine yake, mpaka aulize kila tundu linakunywa katika kisima gani.