Kadi ya Guga

Mwaka nilioacha chuo nilipata kazi ya kumwandikia mteja wa ng'ambo makala za gofu. Sikuwa nimewahi kushika fimbo ya gofu, na mteja hakuuliza. Alitaka maneno 800 kwa kila makala, vichwa vya aina ya "Njia Saba za Kupunguza Mikwaju Wikendi Hii", na jina langu lisionekane popote. Niliandika ishirini na kitu hivi, usiku, huko Kawangware, nikinunua bando za shilingi ishirini ishirini.

Siku moja Guga alikuwa amekuja kututembelea. Kwetu Maragoli babu ni guga, na huyu wangu ni mzee wa miaka themanini na kidogo, mtu wa kukaa kimya na chai yake. Akaniuliza naandika nini. Nikamtafsiria aya mbili kuhusu jinsi ya kutoa mpira kwenye nyasi ndefu. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Huyu aliyeandika hii amewahi kucheza?"

Nikanyamaza.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Guga."

"Basi hao watu wako watapoteza mipira mingi sana."

Nilijua kwamba zamani alifanya kazi "kwa Wazungu". Sikujua kwamba alikuwa kedi, na kwamba alibeba mifuko ya gofu kwa miaka kumi na tisa, kuanzia 1957, kwenye klabu moja ya magharibi mwa jiji ambayo sitaitaja.

Gofu ya Nairobi ina umri karibu sawa na Nairobi yenyewe. Reli ilifika hapa 1899. Miaka saba tu baadaye, 1906, wakati mji ungali mabati na matope, Wazungu walikuwa tayari na Nairobi Golf Club. Mwaka 1935 Mfalme George wa Tano aliipa heshima ya kuitwa Royal, na bado inaitwa hivyo. Wafanyakazi wa reli nao walikuwa na uwanja wao chini ya Upper Hill, mwendo mfupi kutoka katikati ya jiji, na njia ya treni inapita humo humo. Mwaka 1928 ukaundwa muungano wa gofu wa Kenya. Mwaka 1937 ikaja Karen Country Club, kwenye ardhi iliyokuwa shamba la kahawa la Karen Blixen. Ukipanda matatu ya 111 pale Railways ukaelekea Ngong, unapita pembeni mwa historia hii yote bila kuiona, kwa sababu imefichwa na ua na miti.

Upande wa pili wa ua wa Royal kuna Kibera. Ardhi ile Waingereza waliwaachia askari Wanubi wa King's African Rifles mwanzoni mwa karne iliyopita, zaidi ya ekari 4,000. Jamii ya Wanubi ilipopata hatimiliki, 2017, ilikuwa ya ekari 288. Siku hizi watu hupiga picha za angani kuonyesha kijani huku na mabati kule, halafu picha inasambaa, tunasikitika, tunaendelea. Ila picha ya angani haionyeshi kwamba ua wa gofu Nairobi ulikuwa na watu wanaouvuka kila asubuhi kwenda kazini. Gofu ya wakati ule haikuchezwa bila mtu wa kubeba.

Guga alifika mjini akiwa na miaka kumi na mitatu. Ilikuwa ni hali ya hatari. Operesheni Anvil ya Aprili 1954 ilikuwa imewaondoa Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu, na kazi walizoacha zikachukuliwa na watu wa magharibi na Ukambani. Mjomba wake alikuwa mkata nyasi pale klabuni. Guga akapewa mfuko uliokuwa karibu urefu wake.

Sasa kuna jambo lazima nilieleze, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike haya: handikapu. Katika gofu, mchezaji wa ridhaa hapimwi kwa ushindi tu. Ana namba. Namba hiyo inasema, kwa makadirio, siku yako nzuri unahitaji mikwaju mingapi zaidi ya ile inayotarajiwa uwanjani. Mwenye handikapu ya 18 anapewa kama mkwaju mmoja wa ziada kwa kila shimo, na hivyo anaweza kushindana na bingwa bila kuaibika. Waliotangulia kuipanga kwa kipimo kimoja ni wanawake wa Uingereza, kupitia chama chao kilichoundwa 1893, chini ya Issette Pearson. Leo mfumo wa dunia, ulioanza 2020, unachukua raundi zako 20 za mwisho, unachagua 8 bora na kuzingatia ugumu wa kila uwanja. Mtu anaposema "nataka kushusha mchezo wangu", anazungumzia namba hiyo.

Lakini namba haitoki hewani. Inahitaji kadi, mtu wa kuishuhudia, na klabu ya kuiandika. Kwa maneno mengine, handikapu ni kama kipande: kuna ofisi inayokutambua au isiyokutambua. Kabla ya uhuru, klabu kubwa za Nairobi zilikuwa za Wazungu. Mwafrika angeweza kuingia na sare, trei au mfuko begani. Kwa hiyo mtu aliyetembea uwanja huo mara nyingi kuliko mwanachama yeyote, akijua kila mteremko, hakuwa na namba.

Na walijua. Guga aliponianza masomo, hakuanza na mikono wala mabega kama makala zangu. Alianza na nyasi. Nyasi zetu za kikuyu, hizi hizi zinazomea kila uga wa shule, ni za asili ya nyanda za juu za Afrika Mashariki. Zilisafirishwa hadi Afrika Kusini, Australia na California. Riviera, uwanja maarufu wa Los Angeles, njia zake zimejaa kikuyu. Wachezaji wa kule wanazilalamikia kama sisi. Zikikatwa vizuri, mpira unakaa juu yake kama yai kwenye kiota. Zikiachwa, zinatambaa na kushikana, mpira unazama, na fimbo ikiingia humo inakamatwa shingo na kupinda.

"Hapo usitafute sifa," alisema. "Shika kwa nguvu, chukua fimbo fupi, toa mpira urudi njiani. Mkwaju mmoja umepotea, kubali. Mzungu hakubali. Anataka kufika kwenye bendera, anapiga mara tatu mpira uko palepale."

Somo la pili lilikuwa hewa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, inauzuia mpira kidogo, unaenda mbali kuliko Mombasa. Mgeni aliyetoka pwani au London alikuwa anaomba fimbo aliyoizoea kwao, na Guga alikuwa anampa iliyo fupi kwa hatua moja bila kumwambia. Mpira ukitua karibu na shimo, bwana anajisifu. Kuna mwanachama alimbebea miaka sita ambaye handikapu yake ilishuka kutoka 18 hadi 11. Kwenye ubao wa klabu liliandikwa jina la mwanachama.

"Yeye alikuwa anaangalia bendera," Guga aliniambia. "Mimi nilikuwa naangalia miguu yake. Miguu ndiyo inakwambia mpira utaenda wapi."

Jumatatu makedi waliruhusiwa kucheza. Walitumia fimbo kuukuu, nyingine zikiwa zimefungwa kwa waya, watu wanne wakishiriki nusu seti. Jumatatu moja ya 1964, Guga alimaliza mashimo yote 18 kwa mikwaju 74. Uwanja ni uleule ambao bwana wake wa handikapu 11 aliusherehekea akipata 83.

"Nani alihesabu?" nilimuuliza.

Aliniangalia kama nimemtukana. "Wenzangu. Kedi huwezi kumdanganya. Wiki nzima kazi yake ni kuhesabu mikwaju ya watu wanaosahau."

Bendera ilikuwa imeshabadilika wakati huo, Kenya ilikuwa huru. Kesho yake akavaa shati safi akaenda ofisini, akaomba ile 74 iandikwe, apewe handikapu kama wengine. Hakufukuzwa. Karani alimweleza kwa upole kwamba handikapu ni za wanachama, na uanachama uko wazi kwa kila mtu sasa, alete tu ada ya kujiunga. Guga alikuwa analipwa kwa mfuko. Alipiga hesabu akaona ingemchukua miaka kadhaa bila kula.

Nadhani hapo ndipo ninapokosana kidogo na simulizi tuliyoizoea, kwamba uhuru ulifungua milango. Ulifungua, ni kweli. Wanasiasa, mawakili na mabosi wa benki waliingia, na kufikia Kibaki anaingia Ikulu mwishoni mwa 2002, Rais mwenyewe alikuwa mchezaji wa gofu. Lakini mlango ulibadilishwa kufuli tu: kutoka rangi hadi pesa. Makedi walibaki walipokuwa.

Wachache walipita dirishani. Afrika Kusini kulikuwa na Sewsunker "Papwa" Sewgolum, kedi wa asili ya Kihindi kutoka upande wa Durban aliyeshika fimbo kwa mikono iliyogeuzwa. Aliposhinda Natal Open ya 1963, alikabidhiwa zawadi yake nje, kwenye mvua, kwa kuwa sheria za ubaguzi hazikumruhusu kuingia ndani ya klabu. Hapa kwetu Kenya Open ilianza 1967, na majina makubwa yakaja: Seve Ballesteros alishinda 1978, Ian Woosnam 1986. Wachezaji wetu wengi wa kulipwa walianza kwa kubeba mifuko. Dismas Indiza, wa Mumias, ni mmoja wao. Mwaka 1998 Jacob Okello alikaribia kuwa Mkenya wa kwanza kuishinda Kenya Open. Alitoka sare na Ricardo González wa Argentina, akashindwa kwenye mashimo ya nyongeza. Guga aliisikia redioni. Anasema alizima redio akaenda kukama ng'ombe, saa ya kukama haijafika.

Makala za mteja ziliisha, lakini mimi nikabaki na kiu. Ndani ya Ngong Racecourse, katikati ya njia ya farasi, kuna uwanja wa gofu ambapo unalipia raundi yako bila kuwa mwanachama. Nilinunua fimbo tano za mitumba. Raundi yangu ya kwanza ilikuwa 127, na ninashuku nilijihurumia kwenye hesabu. Guga alinitaka nimwonyeshe kadi. Hakuuliza kuhusu mikwaju mizuri. Aliuliza mipira mingapi imepotea, na ni mara ngapi nilihitaji mikwaju mitatu nikiwa tayari kwenye grini. Jibu lilikuwa tisa, na mara kumi na moja.

"Acha draiva nyumbani," akasema.

Niliiacha. Niliporudi mwezi uliofuata nilianza kila shimo na chuma namba saba, nikionekana mshamba mbele ya vijana wenye fimbo mpya. Nikapata 118. Nikaanza kupiga mpira kwa pata hata kabla ya kufika grini, nyasi zikiwa fupi, badala ya kuurusha kama kwenye televisheni. 109. Hakuna kati ya makala zangu ishirini iliyosema hivyo. Zote zilimfundisha msomaji kupiga vizuri zaidi. Guga alikuwa ananifundisha kupoteza vichache zaidi, na kusema kweli hayo ni mambo mawili tofauti.

Agosti iliyopita alikubali kuja. Tulishuka Racecourse asubuhi yenye baridi, yeye na koti lake na fimbo yake ya kutembelea. Mashimo tisa ya kwanza alikaa kwenye benchi na chai. Tisa ya mwisho alitembea nami polepole, tukiwapisha watu. Hakuzungumza sana. Mara mbili alinigusa bega nigeuze mguu wa kushoto. Aliponiambia "si hiyo", nilibadilisha fimbo bila kuuliza.

Shimo la mwisho lilipoisha, nikakaa kwenye nyasi nikajumlisha. Nikajumlisha tena. 99. Kwa mchezaji wa ridhaa, kushuka chini ya mia ni kama kumaliza darasa la nane: si shahada, lakini hakuna anayekunyang'anya. Nilimpa kadi bila kusema kitu.

Aliisogeza mbali na macho, akaisoma shimo kwa shimo, midomo ikicheza.

"Hili la kumi na mbili," akasema. "Umeandika sita."

"Ndiyo."

"Pale kwenye nyasi ulipiga mara mbili. Ule wa kwanza mpira haukutoka, lakini ulipiga. Ni saba."

Nilikumbuka. Fimbo ilikamatwa, mpira ukatikisika kidogo tu, na kichwani nikauita mkwaju wa majaribio. Alinyoosha mkono akaomba kalamu. Akakata sita, akaandika saba, halafu chini kabisa akaandika 100, tarakimu kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Kadi ya gofu ina nafasi ya sahihi mbili, ya mchezaji na ya shahidi. Akaweka yake kwenye ya shahidi.

"Sasa hii," akasema, akinirudishia, "mtu yeyote akiuliza, ni ya kweli."