Ugomvi wa Baiti Ulivyowafunza Waandishi wa Viendeshi

Kadi ya mtandao ikipokea pakiti ya baiti 60, inaandika urefu huo kwenye kumbukumbu kwa baiti mbili. Kadi ikitanguliza baiti ndogo, yaani ile yenye sehemu ya chini ya namba, na kichakataji kikaisoma kana kwamba iliyotangulia ni kubwa, 60 inageuka 15,360. Kadi ni nzima, kompyuta ni nzima, lakini pakiti imepotea.

Chanzo cha ugomvi huu ni cha zamani. System/360 ya IBM, iliyotangazwa mwaka 1964, ilitanguliza baiti kubwa. PDP-11 ya DEC, mwaka 1970, ikaanza na ndogo. Intel ikafuata njia hiyo kwenye chipu ya 8008 ya mwaka 1972, ikirithi mpangilio wa Datapoint 2200, mashine iliyokokotoa biti mojamoja kuanzia ya chini. Motorola 68000 ya mwaka 1979 ikashika ya kubwa. Mfumo endeshi wa Unix ulipohamishwa kutoka PDP-11 kwenda mashine yenye mpangilio mwingine, wahandisi wanasimulia, neno “UNIX” lilitokea “NUXI”.

Aprili 1, 1980, Danny Cohen aliandika waraka wa kuwasihi wahandisi wapatane. Majina ya kambi hizo mbili aliyachukua kwa Jonathan Swift, katika kisa cha Gulliver, ambamo watu wanapigana vita kwa kubishania upande wa kuvunjia yai. Intaneti ilichagua kubwa itangulie. PCI, mfumo wa kuchomekea kadi uliotoka mwaka 1992, ukachagua ndogo.

Mzigo wote wa kupatanisha mipangilio hiyo uliwaangukia waandishi wa viendeshi, yaani programu zinazouwezesha mfumo endeshi kuzungumza na vifaa. Tena mpangilio haukuwa tatizo pekee. Kompyuta za Intel zilikuwa na amri maalumu za kufikia kadi. Nyingine zilitumia anwani za kumbukumbu tu. Alpha za kwanza za DEC hazikuwa hata na amri ya kusoma au kuandika baiti moja peke yake. Kadi ileile ikahitaji kiendeshi tofauti kwa kila mashine, na kosa lililorekebishwa kwenye kimoja likabaki kwenye vingine.

NetBSD, mfumo endeshi ulioanza mwaka 1993, ulitenganisha maarifa ya kadi na maarifa ya mashine. Kiendeshi kinaijua kadi. Namna ya kuifikia kinaiachia sehemu inayoijua mashine, kwa kuita bus_space_read_4. Mwaka 1998 Jason Thorpe aliwasilisha bus_dma, kwa kadi zinazosoma na kuandika kumbukumbu zenyewe. Linux nayo ina readl, inayopanga baiti yenyewe. Anayezigeuza tena baada ya hapo anairudisha hitilafu ileile.

Leo kompyuta nyingi zinatanguliza ndogo, na wapo wanaoona nidhamu hii imepitwa na wakati. Wanakosea. Linux bado inaendeshwa kwenye mashine kubwa za IBM, wajukuu wa System/360, zinazotanguliza kubwa. Na kiendeshi kilichoandikwa kwa utaratibu huo miaka ya 1990 kinaweza kutumika kwenye RISC-V, aina ya vichakataji iliyoanza kubuniwa mwaka 2010.