Mita 391 za Francine

Barabara ya Gitega kwenda Muyinga inapita Karuzi. Kila nikipita hapo na marobota yangu ya vitenge, huwauliza vijana tuliopanda nao gari: hapa kazaliwa nani? Kimya. Wote wanamjua Vénuste Niyongabo, aliyetwaa dhahabu ya mita 5,000 Atlanta, Agosti 1996, siku chache tu baada ya mapinduzi ya Julai hapa kwetu Burundi. Lakini mwaka mmoja kabla yake, huko Göteborg, Arthémon Hatungimana wa Karuzi alishika nafasi ya pili duniani katika mita 800, nyuma ya Wilson Kipketer. Hiyo ndiyo medali yetu ya kwanza ya ubingwa wa dunia, na aliyeileta ni mtoto wa njia hii tunayoipita.

Mita 800 ndizo zilizomtoa pia Francine Niyonsaba wa Ruyigi. Mwaka 2012, akiwa na miaka 19, alikimbia dakika 1:56.59 Brussels. Mwaka 2016 akaleta fedha ya Rio, medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Burundi tangu ile ya Niyongabo, miaka 20 mizima. Akawa bingwa wa dunia wa mbio za ndani mara mbili, Portland na Birmingham.

Kisha ikaja kanuni. Kuanzia Mei 2019, wanawake wenye homoni ya testosteroni nyingi ya kuzaliwa nayo waliambiwa waishushe kwa dawa, ama wasikimbie mbio za kuanzia mita 400 hadi maili moja. Francine alisema hadharani kwamba inamgusa. Mimi naiona kanuni hiyo ni dhuluma: mtu haulizwi kwa nini kaumbwa hivyo.

Hakukaa kulia. Alihamia mbio ndefu, na kwenye Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, akawa wa tano katika mita 10,000. Kwenye mchujo wa mita 5,000 alienguliwa kwa kukanyaga nje ya njia yake. Septemba ya mwaka huohuo akashinda mita 5,000 Zurich, na siku sita baadaye, Zagreb, akakimbia mita 2,000 kwa dakika 5:21.56. Rekodi ya dunia! Alimpita Genzebe Dibaba wa Ethiopia, aliyekuwa na 5:23.75.

Hapa ndipo ninapowashika vijana. Maili ni kipimo cha Waingereza, ndugu wa yadi ninayopimia vitenge, nayo ni mita 1,609. Toa kwenye 2,000: zinabaki 391. Walimwekea mpaka, naye akaweka rekodi mita 391 tu ng'ambo ya mpaka huo.

Dereva mmoja wa Muyinga alinijibu, "Mama, rekodi hiyo si ilishavunjwa?" Kweli, mwanangu. Julai 2024, Monaco, Jessica Hull wa Australia alikimbia 5:19.70, na hongera zake. Lakini tangu Machi 2023 kanuni ilikuwa imeshasogezwa hadi mbio zote, fupi kwa ndefu. Zile mita 391 hazikuwepo tena.

Dereva alinyamaza hadi tulipopita Karuzi, kisha akaniomba nimtajie tena jina la yule wa Göteborg.