Mrija wa Kaboni na Swali la Mvumbuzi Wake

Mnamo mwaka 1991, katika mji wa Tsukuba nchini Japani, Sumio Iijima wa kampuni ya NEC alichunguza kwa hadubini ya elektroni masizi yaliyoganda kwenye ncha hasi ya vijiti viwili vya kaboni, baada ya vijiti hivyo kurushiana cheche ya umeme. Humo aliona mirija iliyoingizana, mmoja ndani ya mwingine, mithili ya mwanzi mwembamba ndani ya mwanzi mnene. Upana wake ulikuwa nanomita 4 hadi 30, na nanomita moja ni sehemu ya bilioni ya mita. Makala yake yalitoka katika jarida la Nature mwaka huohuo, na tangu hapo vitabu vingi vimemwita mvumbuzi wa mirija hiyo.

Sifa hiyo ni kubwa kuliko haki yake. Kunako mwaka 1952 Warusi wawili, L. V. Radushkevich na V. M. Lukyanovich, walikwisha kuchapisha picha za nyuzi za kaboni zenye uwazi ndani, upana wa nanomita 50 hivi, walizozipata kwa kupitisha monoksidi ya kaboni juu ya chuma cha moto. Waliandika kwa Kirusi, wakati wa vita baridi, na huko Magharibi ni wachache mno waliowasoma. Je, kosa ni la lugha peke yake? Hasha. Mwaka 1976 Agnès Oberlin, Morinobu Endo na T. Koyama walionyesha mirija kama hiyo kwa Kiingereza, lugha isomwayo na wote, na bado hapakuwa na kishindo. Masikio yalifunguliwa na jambo jingine: mwaka 1985 iligunduliwa molekuli ya atomu 60 za kaboni, yenye umbo la mpira, na wanafizikia wakaanza kuitafuta kaboni kwa hamu mpya. Iijima alisema wakati watu walipokuwa tayari kusikia. Mwaka 2006 Marc Monthioux na Vladimir Kuznetsov walilifufua swali la mvumbuzi katika jarida la Carbon.

Hata hivyo, Iijima hakuona uwazi tu. Alitambua kwamba safu za atomu huzunguka mrija kwa mshazari, kama ukindu katika msuko wa kikapu. Hapo ndipo siri ilipo. Ukuta wa mrija ni karatasi ya atomu zilizopangwa kama vyumba vya sega la nyuki, kisha ikakunjwa. Namna ya kuikunja hutajwa kwa namba mbili; tofauti yake ikigawanyika kwa 3, mrija hupitisha umeme takriban kama metali; isipogawanyika, mrija huwa kipitishi nusu. Kaboni ni ileile, mshazari tu ndio umebadilika! Wananadharia walilitabiri hilo mwaka 1992. Mwaka uliofuata ilipatikana mirija ya ukuta mmoja, na mwaka 1998 vipimo vilithibitisha utabiri.

Mwaka 2000, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Jing Kong, Hongjie Dai na wenzao waliweka mrija mmoja wa kipitishi nusu kati ya metali mbili, wakaupulizia gesi. Kwa kuwa atomu zote za mrija wa ukuta mmoja ziko usoni, hakuna hata moja iliyojificha. Dioksidi ya nitrojeni, sehemu 200 katika milioni, ilivuta elektroni kutoka kwenye mrija, na kwa sekunde chache upitishaji wa umeme ukapanda kama mara elfu. Amonia, ambayo hutoa elektroni, iliushusha. Yote yalifanyika katika joto la kawaida la chumba, ilhali vihisio vya oksidi za metali vilihitaji kupashwa moto mkali.

Lakini gesi iliyoshika haikubanduka upesi: mrija uliachwa muda mrefu katika hewa safi, au ukapashwa moto, ndipo ukarudia hali yake. Tena mrija mtupu hauchagui mgeni. Gesi nyingi huugusa, hata mvuke wa maji. Ndiyo sababu watafiti waliofuata walianza kuuvika metali, polima au vipande vya ADN, kila vazi kwa gesi yake.