Nicodemus: Mji Uliopitwa na Reli

Katikati ya nchi ya Marekani, mbali na bahari zote mbili, liko jimbo la Kansas. Jimbo hilo limegawanywa katika kaunti 105, na nyingi kati ya hizo ni makao ya wakulima wa ngano na wafugaji wa ng'ombe. Upande wa kaskazini-magharibi iko Kaunti ya Graham. Mto Solomon huipitia ukielekea mashariki. Miti ni haba, ila kandokando ya mto. Mvua ya mwaka mzima hupita inchi 20 kwa kiasi kidogo tu, na upepo hauna mlima wa kuuzuia. Humo kimo kijiji kiitwacho Nicodemus, ambacho wakazi wake leo hawafiki 50. Je, kijiji kidogo namna hii kina historia ya kusimuliwa?

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka wa 1865, watumwa wa majimbo ya kusini walipata uhuru, lakini wengi hawakupata ardhi. Iliwabidi kulima mashamba ya wengine na kumgawia mwenye shamba mavuno. Huko magharibi, serikali ilikuwa imekwisha kuwasukuma wenyeji wa asili kutoka katika nchi yao. Na kwa sheria ya mwaka wa 1862, mtu aliweza kupewa ekari 160, mradi akae juu yake na kuilima kwa miaka mitano.

Mwaka wa 1877 kasisi mweusi, W. H. Smith, na mzungu mfanyi biashara ya ardhi, W. R. Hill, waliupima mji mpya, kisha habari zake zikatangazwa kusini, hasa Kentucky. Mwezi wa Septemba watu zaidi ya 300 walifika kwa gari la moshi mpaka Ellis, wakaenda kwa miguu siku mbili. Walipofika hawakuona nyumba. Watu walikuwa wamechimba mashimo ardhini na kuyaezeka kwa matawi na udongo. Mama mmoja, Willianna Hickman, aliyefika mwaka uliofuata, alionyeshwa mji akaona moshi tu ukifuka kutoka ardhini, naye akalia. Wengine walirudi walikotoka. Waliobaki walipambana na njaa ya kipupwe. Na inasimuliwa kwamba wawindaji wa kabila la Osage, ambao wenyewe walikuwa wamenyang'anywa ardhi, waliwagawia nyama.

Basi walilima, na mji ukasimama. Baada ya miaka kumi palikuwa na makanisa, shule, hoteli, maduka na magazeti mawili. Mkazi mmoja, Edward McCabe, alichaguliwa mwaka wa 1882 kuwa mkaguzi wa hesabu za jimbo zima, cheo ambacho mtu mweusi hakuwa amepata kukishika huko Kansas.

Lililobaki lilikuwa reli. Bila reli mkulima angepelekaje ngano yake sokoni? Mwaka wa 1887 wananchi walipiga kura, wakakubali kukopa dola 16,000 ili kuivuta reli ipite kwao. Haikuja. Mwaka wa 1888 reli ya kampuni nyingine ilijengwa kusini ya mto, maili chache tu kutoka hapo, na wenye maduka wakahamia ng'ambo, mahali paitwapo Bogue. Baadaye ukaja ukame wa miaka ya 1930, na mwaka wa 1953 posta ikafungwa. Wala si Nicodemus peke yake iliyopungua: kaunti nzima, iliyokuwa na watu zaidi ya 8,000 mwaka wa 1910, ilihesabiwa watu 2,415 mwaka wa 2020.

Hata hivyo kijiji hakikufa. Wenye maduka waliweza kuhama na bidhaa zao. Mkulima hawezi kubeba shamba. Jamaa kadhaa walishikilia ardhi waliyoipata wazee wao, na hata leo, kila mwaka mwishoni mwa Julai, wajukuu hurudi kutoka miji ya mbali kusherehekea uhuru wa wazee hao. Mwaka wa 1996 serikali ya Marekani ilikitangaza kijiji hicho kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa.

Kwa hiyo, mwanafunzi atazamapo ramani na kuona kijiji kidogo mbali na njia kuu, asikidharau. Na aulize: njia ile ilichorwa na nani, na waliopitwa nayo walikaa kwa nguvu gani?